Mjumbe Aliyeuawa na Mwamuzi

Shule ya Udereva,
Chumba cha nyuma, kinachotazama gereji,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote, za mdomo na za moyo. U hali gani huko? Kifua kimepona? Mara ya mwisho ulipopiga simu ulikuwa ukikohoa katikati ya maneno, na mama yako akakaa kutwa nzima akiuliza kama koti ulilochukua bado unalivaa. Livae. Na kama limekubana, sema limekubana, usiseme huko hakuna baridi. Mkeo hajambo? Wanangu hawajambo? Yule wa mwisho ameacha kuwauma wenzake shuleni, au bado meno yanawasha?

Sisi huku tu wazima, tunasukuma siku. Mama yangu goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata joto hutembea kama mtu anayekimbizwa. Mama yako amekata nywele, fupi kabisa, na zimempendeza, ingawa baba yako hajagundua mpaka leo. Mimi naendelea kufundisha watu kuendesha magari. Juzi mwanafunzi wangu mmoja alirudisha gari nyuma akaibusu nguzo ya umeme, na kazi yake, mdogo wangu, ni rubani. Nilimuuliza huko angani anafanyaje. Akaniambia angani hakuna nguzo.

Baba yako naye ni mzima wa afya. Nalitanguliza hilo usije ukashtuka kwa haya yanayofuata. Anakula vizuri, analala vizuri. Hilo la kulala vizuri ndilo linaloniudhi zaidi.

Najua atakuandikia, kama bado hajakuandikia. Atakwambia dada yako alimvunjia heshima mbele za watu katika ukumbi wa maktaba, kwa sababu ya midoli. Ndiyo maana nimeshika kalamu mapema. Kwa simu ningepayuka, na wewe nakujua, ungeiweka simu mezani ukaendelea kula. Nisome mpaka mwisho. Simsengenyi mtu. Baba yako kwangu ni baba mdogo, ni baba yangu. Tangu baba afariki ndiye niliyekuwa nikimpelekea kila jambo langu, zuri na baya. Angenifanyia haya mtu wa mbali, ningekung'uta vumbi nikaenda zangu.

Wewe uliondoka hujapata subira ya kukaa kwenye ile meza ya wazee, kwa hiyo nitakueleza kama ninavyomweleza mwanafunzi wa siku ya kwanza. Unakumbuka wale askari wadogo wa marehemu baba, wenye urefu wa kidole cha mwisho, aliokuwa akiwapaka rangi akirudi kutoka kuchora mabango ya maduka? Wale ni jeshi la kweli. Yaani waliwahi kuwapo watu waliovaa hivyo, wakapigana vita katika karne ya kumi na nane, mwezi wa Desemba, katika nchi ya baridi. Jeshi kubwa lilivaa makoti meupe. Jeshi dogo lilivaa ya buluu. Jeshi la buluu likajifanya linashambulia upande mmoja, kumbe wengi wao wanapita kimyakimya nyuma ya vilima, wakatokea upande wa pili, wakalikunja lile jeshi kubwa kama mkeka. Weupe walishindwa vibaya, ingawa kuna kijiji kimoja, na kanisa lenye ukuta, ambako walipigana mpaka ukashangaa.

Wazee wa chama chetu cha michezo ya vita huipigana vita hiyo upya mezani. Kuna kitambaa cha kijani, vilima vya sponji, nyumba za kadibodi, dadu, na futi ya fundi cherehani ya kupimia kila kikosi kinakwenda umbali gani. Watu wote hugombea makoti ya buluu. Baba ndiye aliyechagua kupaka rangi weupe, kila mmoja na vifungo vyake. Nilipomuuliza kwa nini anahangaika na walioshindwa, aliniambia kwamba hata walioshindwa walivaa nguo asubuhi ile.

Jeshi lile aliniachia mimi. Nimecheza nalo miaka yote hii na nimeshindwa nalo mara nyingi, wala sijawahi kununa. Muulize yeyote.

Sasa, chama kilikuwa hakina pa kukaa. Yule mwenye duka la matairi aliyekuwa akituachia chumba cha juu alikitaka mwenyewe, tukawa tunahamahama na vilima vyetu kwenye maboksi. Mkuu wa maktaba, mama mmoja mchangamfu, akatuambia kuna chumba cha chini hakina kazi. Akaomba kwanza tuje tucheze vita ile mbele ya watu siku ya maktaba kufungua milango yake, wasomaji waone historia ikitembea. Akaandaa na hotuba: jinsi wachache walivyowashinda wengi kwa akili. Hotuba nzuri. Nilimsikia akiifanyia mazoezi chooni.

Kamanda wa makoti ya buluu alikuwa daktari wa meno, yule tunayemwita Koleo. Kamanda wa weupe ni mimi. Mwamuzi ni baba yako, na hapakuwa na mjadala, maana mtu aliyekuwa karani wa mahakama mpaka akastaafu, nani atasema hajui haki inavyokaa?

Tukaanza asubuhi. Viti vimejaa, mama yangu yuko mbele kabisa na mkoba wake magotini, mama yako pembeni yake. Koleo akaleta wapanda farasi wake kulia kwangu kwa mbwembwe nyingi, akawapanga, akawapangua, akakohoa ili nitazame. Vikosi vilivyofichwa nyuma ya vilima haviwekwi mezani. Mwamuzi peke yake ndiye anayenong'onezwa viko wapi. Kwa hiyo mimi nilichokiona ni farasi tu, kulia.

Lakini mdogo wangu, mimi nakaa na madereva kutwa. Mtu anayetaka kukata kushoto hutazama kushoto, hata kama taa yake inawaka kulia. Na Koleo, kila akimaliza kupapasa farasi wake, macho yake yalikwenda kwenye vilima vya kushoto, yakarudi haraka. Nikajua. Nikasema moyoni, huyu anakuja huku.

Makamanda wa zamani wa weupe hawakujua, au walijua wakiwa wamechelewa. Walikuwa wameshapeleka kikosi chao cha akiba kulia. Mimi sikukipeleka kulia. Nikakiagiza kiende kushoto, mpaka kwenye kijiji chenye kanisa, kikasubiri nyuma ya ukuta.

Na katika mchezo wetu huwezi kuwaambia askari walio mbali kwa mdomo tu. Lazima umtume mjumbe. Ni askari mmoja juu ya farasi, unampima kwa futi, anapita mezani zamu baada ya zamu mpaka awafikie. Adui akiwa karibu na njia yake, unatupa dadu kuona kama atapona. Adui akiwa mbali, anapita salama. Ndivyo sheria ilivyo, na aliyeiandika ni baba yako mwenyewe, kwa mwandiko wake ule wa mahakamani.

Mjumbe wangu akatoka. Njia nyeupe, hakuna adui hata wa dawa. Watu walikuwa wameanza kuelewa, nikasikia mwanamke mmoja nyuma akimnong'oneza mwenzake, kumbe huyu ameshtukia. Ukumbi ulichangamka. Hata Koleo aliacha kukohoa.

Hapo ndipo baba yako alipoinama juu ya meza, akamnyanyua mjumbe wangu kwa vidole viwili, akasema, "Huyu amepigwa risasi," akamtia kwenye mfuko wa shati.

Nilidhani anatania. Nikamuuliza nani kampiga. Akasema risasi ya kupotea. Nikamuuliza imepotea kutoka wapi, maana bunduki ya karibu ilikuwa upande wa pili wa meza. Akasema vita havina macho. Nikamwomba basi tutupe dadu, nikiwa bado natabasamu kwa ajili ya wageni, meno yakiwa yamekaza kama breki ya mkono. Akaniambia mwamuzi ameshaamua.

Mama alisimama. Unamjua mama, mambo ya wanaume wa ile meza hakuwahi kuyaingilia, hata baba alipokuwa akiacha brashi kwenye vikombe vya chai. Alisimama na mkoba wake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Shemeji, mjumbe hauawi. Mrudishe."

Watu wengine walicheka, lakini si kwa ubaya. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Baba yako akamtazama, akamtazama mkuu wa maktaba, akamjibu mama, "Shemeji, hii ni vita. Si jikoni."

Mdogo wangu, nimeandika sentensi hiyo kama alivyoisema. Mama yangu, aliyemfulia mashati ya kazini alipokuwa kijana anaishi kwetu. Mama aligeuka. Alipita katikati ya viti, polepole kwa ajili ya goti, na mama yako akamfuata nyuma akimshika kiwiko. Wakaondoka wote wawili. Baba yako akapiga makofi mawili, akasema tuendelee.

Na mimi nikaendelea. Utaniuliza kwa nini sikuondoka nao. Baba alinifundisha kwamba ukikaa mezani na mtu humwachi peke yake na nusu ya mchezo. Na Koleo hakuwa amenikosea. Kwa hiyo nilikaa nikatazama kikosi changu cha akiba kikiwa kimesimama palepale, kinasubiri maneno yaliyokuwa mfukoni mwa mzee mmoja, huku makoti ya buluu yakitokea nyuma ya vilima, palepale nilipojua yatatokea, na kuwakunja askari wa baba yangu mmoja mmoja. Kanisani hapakuwa na mtu. Mambo yakaisha upesi. Mkuu wa maktaba akatoa hotuba yake, watu wakapiga makofi.

Hata hayo ningeyameza. Nimeshameza makubwa zaidi. Nimeshakaa kiti cha abiria na mtu anayefunga macho kwenye makutano. Lakini wageni walipokuja kutupa mikono, baba yako aliniwekea mkono begani akawaambia, "Amejitahidi."

Nikamwambia, "Baba mdogo, umeniibia."

Nilisema kwa sauti kubwa. Sikukusudia iwe kubwa kiasi kile, lakini ukumbi ule una dari refu. Watu waligeuka. Uso wa baba yako ulibadilika, akatoa mkono wake begani kwangu kama aliyegusa pasi, akaniambia kwa upole sana niende nyumbani nikapumzike. Nikamwambia anipe mjumbe wangu niende. Akasema tutaongea nikitulia. Mpaka leo hajanipa. Yuko kwenye shati, shati liko kwenye kapu la nguo chafu, mama yako amemwona kwa macho yake.

Tangu siku hiyo ndugu wamenipigia simu mmoja baada ya mwingine, kana kwamba mimi ndiye niliyeua. Shangazi alinipa somo refu. Aliniambia mkubwa hakosei, na kama amekosea basi hujakua vya kutosha kumwona. Aliniambia niende nipige magoti niombe radhi kwa neno "umeniibia". Nikamuuliza shangazi, na yeye ataomba radhi kwa neno "jikoni"? Shangazi akasema simu inakata. Simu haikuwa inakata. Nilimsikia akimwambia mtu apunguze redio.

Mjomba naye, upande wa mama, ambaye hata dadu hajui kama ina pande ngapi, alisema ni mchezo tu. Watu wanapenda sana neno hilo. Mimi nasema, kama ni mchezo tu, kulikuwa na haja gani ya kuiba? Hakuna anayeiba kitu kisicho na thamani.

Nikamtuma mama yako amuulize mumewe sababu, maana mimi hanisemeshi. Jibu lililorudi ni hili: chumba kilikuwa hatarini. Mkuu wa maktaba alikuwa ameshaandika hotuba, na ukutani wameshabandika maelezo makubwa yenye picha, yanayosema buluu walishinda. Kama weupe wangeshinda mezani, mama wa watu angeaibika, na sisi tungerudi kwenye maboksi. Baba yako alikuwa akijua vikosi vya Koleo viko wapi. Aliona mjumbe wangu anakwenda mahali penyewe. Akaogopa.

Nimelitafakari jibu hilo kwa uadilifu wote nilio nao, hata nikiwa kwenye foleni na mwanafunzi anazima gari. Naelewa hofu yake. Wazee wale wamehamahama vya kutosha, na mmoja wao siku hizi hapandi ngazi. Lakini mdogo wangu, angenivuta pembeni asubuhi ile. Angeniambia, mwanangu, leo tunaonyesha tu, tusipigane kweli, tuna shida ya chumba. Ningekubali kabla hajamaliza sentensi. Ningepeleka akiba yangu kulia kwa mikono yangu, ningeshindwa kwa adabu zote, na mama angekunywa chai yake kwa amani. Hakuniomba. Aliniacha nifikiri, nikafikiri vizuri, kisha akaniadhibu kwa kufikiri.

Chumba tumepewa, ndiyo. Kina taa nzuri na kinaweza kufungwa. Ndiyo maana analala vizuri. Mimi sijakanyaga.

Basi Alhamisi nilikuwa hapa darasani nikipangusa ubao, nikaona Koleo anaegesha gari nje, vibaya kama kawaida yake. Nilidhani amekuja kunipatanisha na baba yako, nikajiandaa kumfukuza. Akaingia na boksi la makoti ya buluu kwapani, na simu ya mkewe mkononi. Hakukaa. Aliniambia:

"Mwalimu, mimi nimepewa ushindi kama mgonjwa anavyopewa ganzi. Sikusikia kitu. Tuumalize."

Kumbe mkewe alikuwa ameipiga picha meza yote, zamu ile ile mjumbe alipotoka. Tukaondoa vile vigari ninavyofundishia alama za barabarani, tukatandika kitambaa, tukapanga kila kikosi palepale picha ilipoonyesha. Vilima tulivifanya kwa mito ya viti. Mjumbe hatukuwa naye, tukaweka kifuniko cha kalamu. Mwamuzi hatukutaka; vikosi vyake vya mafichoni Koleo aliviandika kwenye karatasi, akaikunja akaiacha mezani. Mambo yenye utata tulikubaliana yaamuliwe na dadu, na dadu ikae peupe.

Nikampigia mama aje. Alikuja na blanketi la goti, akakaa kwenye benchi la wanafunzi, chini ya picha ya injini. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akaanza kuuliza maswali. Hawa wamesimama tu kwa nini? Na huyu mwenye ngoma anapiga ngoma ya nini watu wanakufa? Koleo akamjibu kila swali kwa heshima, na mama akamwambia kwamba kumbe ni mtu mzuri, kwa mtu wa kazi yake.

Mjumbe alifika. Nataka ulisome hilo mara mbili, kwa sababu mimi nililitazama mara mbili. Alipita mezani, zamu kwa zamu, akawafikia akiba, wakageuka wote pamoja na makoti yao meupe, wakaenda kushoto. Buluu walipotokea nyuma ya mito, walikuta ukuta wa kanisa umejaa watu. Ndugu yangu, tulipigana pale! Koleo aliwaleta mara ya kwanza tukawarudisha, akawaleta tena tukawarudisha. Jasho lilimtoka daktari wa watu mpaka miwani ikawa inateleza. Mama alikuwa ameshasimama, goti halipo.

Nikaona ubavu wa Koleo uko wazi. Kweli ulikuwa wazi, kama mlango uliosahauliwa. Nikatuma wapanda farasi wangu wote, kila farasi baba aliyempaka rangi, wakamalize kazi. Na nyuma ya mto wa mwisho, ule mdogo ambao hata mwenyewe sikuutilia maanani, Koleo alikuwa amebakiza farasi wake. Hakutazama huko hata mara moja, nadhani alishajifunza. Wakanigonga ubavuni nikiwa kwenye mwendo kasi.

Kila siku nawaimbia wanafunzi watazame kioo cha pembeni kabla ya kuhama njia. Sikutazama kioo.

Tulitupa dadu, zikaangukia vibaya, na nadhani hata zingeangukia vizuri nisingepona. Farasi wakakimbia, wakawapitia askari wangu wa miguu, kanisa likabaki peke yake, likaanguka la mwisho. Koleo alisimama, akanipa mkono, mkono wenye jasho, hakusema nimejitahidi. Alisema aliogopa. Mama akauliza, "Kwa hiyo tumeshindwa?" Nikamwambia ndiyo, mama, tumeshindwa. Akakaa, akavuta blanketi, akasema basi sawa, wamefanya kazi nzuri watoto wa mume wangu.

Nilifurahi, mdogo wangu. Sijui nikueleze vipi. Nilifunga darasa nikiimba.

Ni baadaye, nikiwa naosha vikombe, hasira iliporudi, na safari hii ilikuja na wenzake. Maana fikiria: buluu walishinda. Kila alichokitaka baba yako kingetokea. Mkuu wa maktaba angesoma hotuba yake, maelezo ya ukutani yangekuwa ya kweli, chumba tungepewa, na wale watu kwenye viti wangeona vita ya kanisani ambayo wangeisimulia mpaka wajukuu. Mama asingeambiwa jikoni. Mimi nisingemwita mdogo wa baba yangu mwizi. Alichotakiwa kufanya ni kukaa na mikono yake mifukoni, amwache mtu mdogo wa rangi apite juu ya kitambaa. Hakuniamini kushinda, na hakuniamini hata kushindwa.

Habari kwamba tumerudia imemfikia. Koleo hajui kunyamaza akiwa na mtu kwenye kile kiti chake, na mtu mwenyewe hawezi kujibu. Lakini matokeo Koleo ameapa hatayatoa. Tangu Ijumaa baba yako hana raha. Jana amemtuma mama yako aniulize, kwa mzungukomzunguko, eti nani alishinda. Mama yako mwenyewe alikuwa anacheka akiniuliza. Sikumwambia hata yeye, ili asilazimike kumficha mumewe.

Nimemrudishia ujumbe kwamba mlango wa darasa huwa wazi mpaka jioni. Aje mwenyewe, amsalimie mama kwanza, na amwombe radhi kwa lile neno. Nami nitamwomba radhi kwa sauti yangu siku ile, mbele ya mama, kwa sababu ni baba yangu na sikulelewa vile. Kisha akae kwenye benchi nimweleze vita yote, tangu zamu ya mjumbe, bila kuruka hata farasi mmoja. Atasikia mwisho mahali mwisho unapokaa.

Kwa hiyo sasa tunaojua tuko wanne: mimi, mama, Koleo na wewe. Atakupigia. Atakuuliza kikohozi, atakuuliza watoto, kisha atasafisha koo. Wewe ni mwanawe na sikuombi umdanganye. Mwambie unajua, na mwambie dada amekukataza. Kisha mwambie ni mchezo tu.

Nisalimie mkeo sana, na wanangu wote, na yule wa meno mpe busu la mbali. Shangazi anakusalimu, pamoja na redio yake. Mjomba pia. Mama yako anasema upige simu mchana, baba yako akiwa maktaba, muongee vizuri. Mama yangu anauliza kama huko kuna watu wanaocheza vita, kwa sababu anataka kujua wapanda farasi wawekwe wapi.

Mungu akukinge na baridi hiyo, akupe kifua kizima na njia nyeupe kila utokapo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekasirika,

Mwalimu wa usukani.